Gari Iliyolala Nyuma ya Magunia

Mkadam Shaame alipopewa ukuu wa Idara ya Magunia, kitu cha kwanza alichokifanya ni kushona suti mbili za mifuko minne. Cha pili ni kuamuru aitwe Ndugu kwenye mikutano na Bwana Mkubwa kwenye korido.

Kazi ya idara ilikuwa kuhesabu magunia ya karafuu: mangapi yamekwenda shamba, mangapi yamerudi, mangapi yametobolewa na panya. Zamani ikifanywa na karani mmoja mwenye miwani iliyokatika mkono mmoja. Mwaka huo wa 1969 ilifanywa na watu kumi na mmoja, na juu yao alikaa Mkadam, mwenye meza pana, simu ambayo haikuwahi kulia, na baiskeli.

Baiskeli ndiyo iliyomnyima raha. Wakuu wa idara nyengine walikuwa na magari. Akiitwa mkutanoni Forodhani, Mkadam alikuwa akishuka vichochoroni, akaiegemeza baiskeli ukutani, akakunjua mguu wa suruali, kisha akaingia kwa miguu taratibu, kama mtu ambaye dereva wake yuko nje anatafuta kivuli.

Basi siku wachukuzi walipokuwa wakipanga upya magunia katika ghala la Malindi, waliondoa safu ya mwisho kule nyuma, ikatokea taa ya gari, imewatumbulia jicho. Wakaondoa magunia mengine. Ikatoka boneti, ukatoka mlango, ikatoka gari nzima: nyeusi, ya Kiingereza, pana, imekaa chini kwa matairi yaliyokwisha pumzi, na vumbi juu yake limelala nene kama blanketi.

Kila aliyekuwepo alijua gari ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya yule tajiri wa karafuu aliyeondoka miaka mitano nyuma, siku za mapinduzi, na koti moja alilolivaa. Hakuna aliyelitaja jina. Katika miaka ile mji mzima ulijifunza kusahau majina, na Mkadam alikuwa katika wanafunzi hodari wa darasa hilo.

Alizunguka gari mara tatu. Kisha akasema, "Niitieni Borafya."

Borafya Machano alikuwa fundi wa lori la idara, mtu wa Kikwajuni, amepita hamsini, mwembamba, na maneno yake machache kama sukari ya dukani siku zile. Lori lenyewe lilikuwa limekufa kitambo. Yeye akiliendesha kwa waya na bismillahi. Alikuja, akafungua boneti, akatia kichwa ndani, akakaa humo muda mrefu.

"Itawaka?" Mkadam akauliza.

"Itawaka."

"Lini?"

"Ikiwa tayari."

"Ndugu Borafya, mimi nakuuliza kama mkuu wa idara."

"Na mimi n'nakujibu kama fundi, bwana. Injini imekamata. Pistoni zimeshika kutu humo ndani. Nitoe plagi, nimimine mafuta kwenye matundu, tuiache ilowe siku nane, kumi. Petroli iliyomo tangini imeganda, imekuwa kama vanishi. Nyaya zimeliwa. Na humu kwenye kiti cha nyuma panya wameoana, wamezaa, wamezika na wazee wao. Ukimwamsha mtu usingizini kwa kumvuta mguu, huamka na matusi. Iache."

Mkadam hakusikia ila neno moja, "itawaka". Kwao Kizimkazi kulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yake baada ya wiki tano, na Kizimkazi ndiko walikombandika jina la Mkadam Gunia. Tangu siku hiyo alikuwa akijiona anaingia kijijini kwenye gari nyeusi, kiwiko kiko dirishani, anapunga kwa vidole viwili tu, maana mkono mzima ungekuwa ni kujishusha.

Asubuhi yake aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote. Ikaundwa Kamati ya Kufufua Gari, ikapata mwenyekiti, makamu, katibu na wajumbe saba. Mwenyekiti, ambaye ni Mkadam, alihutubia nusu saa juu ya wajibu wa mwananchi mbele ya chombo kilicholala. Watu walipiga makofi. Borafya hakuingizwa kwenye kamati, kwa sababu wakati wa uchaguzi alikuwa chini ya gari.

Nyumbani, mkewe Mwanakheri alizipokea habari hizo akiwa ndiyo kwanza anarudi kwenye foleni ya unga, buibui limemshika mwilini kwa jasho.

"Watu wanasimama tangu alfajiri kwa ratili mbili za unga," alisema, "na nyinyi mmekaa kamati kuamsha gari ya mtu."

"Si ya mtu. Ya umma."

"Haya. Huo umma ukipata gari, mwambie apitie dukani."

Siku ya nne uvumilivu ulimwisha. Borafya alipokwenda kusali adhuhuri, Mkadam aliokota hendeli ya kuzungushia injini, akaichomeka mbele ya gari, akasema moyoni kwamba injini kama walivyo watumishi, inataka mtu wa kuionesha nani mkubwa. Akashika kwa mikono miwili, akakaza, akainuka kwa uzito wake wote. Injini haikutikisika. Kilichoachia ni suti, ikapasuka mgongoni kutoka kola mpaka kiunoni. Siku ile Mkadam alifanya kazi zake zote akiwa ameuegemea ukuta, na alipoagana na wageni aliwaaga kinyumenyume.

Borafya alirudi, akaiona hendeli ilivyokaa, akaichomoa. Aliongeza mafuta kidogo kwenye kila tundu. Akaendelea na mengine: aliliteremsha tangi, akatia kokoto ndani, akalitikisa kwa saa nzima mpaka likatoa uchafu mwekundu kama uji wa mtama. Kabureta aliifungua juu ya gazeti, kijidude baada ya kijidude, akavipuliza vitundu vyake kwa mdomo. Nyaya alizifunga upya. Matairi aliyatia viraka mpaka viraka vikapandana. Kiti cha nyuma hakikuwa na dawa. Alikitupa chote, akatengeneza chengine kwa makumbi ya nazi yaliyoshonewa ndani ya gunia. Gunia, kwa bahati nzuri, lilikuwa ndicho kitu pekee ambacho idara ilikuwa nacho.

Siku ya kumi alishika hendeli, akaisukuma polepole, akairudisha, akaisukuma tena. Kukasikika mlio mdogo, kama mtu anayejinyoosha shingo. Hendeli ikazunguka robo, kisha nusu, kisha yote. Borafya alisimama akiiangalia, akajipangusa mikono, na uso wake ukang'ara kama wa mtu aliyepata barua kutoka mbali. Mkadam, aliyekuwa amesimama pembeni, hakuelewa kilichomfurahisha. Injini ilikuwa haijanguruma hata.

"Bado," Borafya akasema kabla hajaulizwa.

Siku ya kuwasha, kamati nzima ilihudhuria. Betri iliazimwa kwenye lori. Mkadam alivaa suti ya pili akakaa kwenye kiti cha dereva, ingawa hajawahi kuendesha chombo chochote chenye zaidi ya pedeli mbili.

"Kaa ukitaka," Borafya alimwambia, "lakini usiguse kitu, bwana. Klachi imegandana. Gia ikiwa imeingia na gari ikawaka, itaruka."

"Unanifundisha mimi?"

Mkadam alikaa. Aliushika usukani. Kisha, kwa kuwa kamati ilikuwa ikimtazama na mkono wake hauna kazi, aliishika gia, na kwa kuwa ameishika, aliisukuma mbele kidogo, kama alivyokuwa akiwaona wakubwa wakifanya.

Borafya, aliyekuwa ameinama pembeni ya injini, aligusisha waya za stata. Gari ilikohoa. Ikakohoa tena, bomba la moshi likatema furushi la manyoya na vitambaa vya panya, likafuata wingu jeusi, na injini ikawaka kwa kishindo. Hapo hapo gari iliruka. Kamati ilitawanyika kama kuku. Mkadam alipita mbele yao amefumbua mdomo, mikono yote miwili juu, akakatiza ghala hatua ishirini na kujichomeka kwenye mlima wa magunia, na mlima ule, baada ya kufikiri kidogo, ukamwangukia.

Ikabaki honi tu, inalia chini ya magunia.

Walimfukua. Alikuwa mzima, mwekundu wa vumbi, na nyuzi za gunia zimemjaa ndevuni. "Nilikuwa najaribu breki," alisema.

Borafya alikuwa ameshaingia ndani ya gari. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena. "Klachi imeachia," akasema kwa mshangao. "Mshindo umeibandua. Miye nilikuwa n'natafakari vipi ntaishusha gia boksi peke yangu."

Maneno hayo yangekuwa bora yasingesemwa. Mkadam aliyasikia, na tangu dakika ile aliamini kwamba klachi kaitengeneza yeye. Kufika jioni aliamini kwamba aliitengeneza kwa makusudi. Kufika Ijumaa hapakuwa na baraza Malindi yote, wala Shangani, wala Vuga, ambayo haikuhadithiwa jinsi Mkadam Shaame alivyoifufua gari kwa mikono yake, na kwamba alikuwepo fundi mmoja, ndiyo, wa kumshikia spana.

Walikwenda harusini. Borafya aliendesha, Mwanakheri alikaa mbele kwa sababu alikataa katakata kukaa juu ya makumbi, na Mkadam alijinyoosha nyuma juu ya gunia, kiwiko dirishani. Rejeta ilikuwa inavuja. Walisimama Tunguu kutia maji, wakasimama tena njiani, wakasimama Kitogani, na kila waliposimama Mkadam aliteremka, akaweka mikono nyuma, akawaeleza wapita njia kwamba hii ni desturi ya gari kubwa.

Kizimkazi nzima ilitoka kuwatazama. Alipunga vidole viwili. Alipewa mkeka wa mbele, akapewa sahani yake peke yake, na baada ya kula alisimama bila ya kuombwa.

"Gari hii," alisema, "ilikuwa maiti. Wazungu wenyewe wangeitupa. Nimeifufua mimi, kwa mikono hii. Klachi, kabureta, vyote."

Borafya alikuwa akila pilau lake ubavuni mwa gari, kwenye kivuli cha mlango. Alitafuna, akanywa maji, akatazama baharini.

Shangazi yake Mkadam, Bi Sichana, mkongwe aliyekuwa haoni vizuri, aliletwa akaipapasa boneti. "Ya nani gari hii, mwanangu?"

"Ya umma, shangazi."

"Maashallah. Na huyo Umma mwenyewe hakuja harusini?"

Watu walicheka. Mkadam naye akacheka, akiamini wanamcheka mkongwe.

Waliporudi mjini alitembea na gari wiki nzima. Hakuwa na pa kwenda, kwa hivyo alikwenda kila mahali. Alimwamuru Borafya apite polepole mbele ya kila ofisi na apige honi mbili. Siku ya nane yake alikuja tarishi kutoka kwa wakubwa kwa pikipiki, akampa bahasha, akamtilisha saini, akaondoka.

Barua ilikuwa ya mistari mitatu. *Unatakiwa kueleza kwa maandishi, katika muda wa siku tatu, ni nani hasa aliyehusika na kuifufua gari nyeusi iliyokuwa ghalani Malindi. Taja jina lake kamili, umri wake na mahali anapoishi.*

Mkadam aliisoma mara nne. Mara ya kwanza aliona neno "aliyehusika". Mara ya pili aliona "hasa". Mara ya tatu aliona "mahali anapoishi", akairudia mara ya nne. Alikuwa anawajua watu waliowahi kuulizwa wanaishi wapi. Ghafla ile gari ikarudi kuwa ya mwenyewe, yule aliyekimbia, na jina ambalo Mkadam alilisahau kwa miaka mitano likamjia lote, na la babu yake.

Alimwita katibu wa kamati. Katibu alisema hakumbuki kamati yoyote. Makamu alisema yeye siku ile alikuwa na homa. Daftari la mikutano lilitafutwa, likapatikana limeshatumika kuwashia moto wa chai. Mpaka saa sita Kamati ya Kufufua Gari ilikuwa haijapata kuwepo duniani.

Mkadam alijifungia ofisini, akaandika. Aliandika kwamba yeye binafsi hakuigusa gari ile. Kwamba hajui injini inakaa mbele au nyuma. Kwamba kutoa plagi, kulowesha pistoni, kusafisha tangi, kufunga nyaya, kutia viraka na kuendesha, yote yalifanywa na Borafya Machano, miaka hamsini na mbili, mkaazi wa Kikwajuni, kwa akili yake mwenyewe na bila ya msaada wa mtu yeyote. Ilikuwa ndiyo barua ya kwanza ya kweli tupu aliyoitia saini tangu apewe meza.

Usiku hakula. Mwanakheri alimwuliza, akamwuliza tena, mpaka akamtolea nakala. Aliisoma chini ya taa, mstari kwa mstari.

"Kizimkazi ulisema wewe."

"Kizimkazi ilikuwa harusi."

"Wakimchukua, mkewe nimwambie nini?"

"Mwambie ni kazi ya serikali."

Mwanakheri aliikunja karatasi, akamrudishia. Asubuhi alfajiri alivaa buibui lake, lakini hakwenda kwenye foleni. Alikwenda Kikwajuni.

Borafya alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwambia mkewe atafute mfuko. Wakatia humo kikoi kisafi, kanzu, kipande cha sabuni na msuwaki. Mfuko ukakaa nyuma ya mlango. Yeye akaenda kazini kama kawaida, akalifungua lori, akaanza kusafisha plagi.

Siku ya tatu walikuja watu wawili kwa landrova wakamwulizia kwa jina. Mkadam aliwaona kutoka dirishani kwake juu, akarudi nyuma ya pazia. Alimwona Borafya akijifuta mikono kwa uangalifu, kidole kidole, akamsikia akiomba apitie nyumbani kuchukua mfuko wake, nao wakikubali. Landrova ikaondoka. Siku ile hakuna aliyefanya kazi katika idara, ingawa wote walikuwa wameinamia meza zao. Mkadam alijiambia kwamba hakuandika uongo hata neno moja, na hilo lilikuwa kweli, na halikumsaidia.

Siku mbili hakuna habari. Siku ya tatu Borafya aliingia ofisini, mfuko begani, amevaa koti jipya lililompwaya mabegani. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Inataka saini yako, bwana."

Mkadam aliichukua, akaisoma. Karatasi ilieleza kwamba ndugu Borafya Machano amechaguliwa kwenda Ujerumani kwa miezi minane kusomea injini, na akirudi atasimamia karakana mpya ya magari. Kwamba wakubwa walistaajabu kuiona gari iliyolala miaka mitano ikipita mbele ya ofisi zao ikipiga honi. Na kwamba shaka yote iliondoka pale mkuu wake wa idara aliposhuhudia kwa mkono wake kwamba kazi nzima aliifanya peke yake. Gari ihamishiwe karakanani mara moja.

"Siku mbili zote hizo?" Mkadam akauliza.

"Walinipa injini mbovu tatu, wakaniambia niziwashe. Nikaziwasha."

Mkadam alitaka kusema habari ya klachi. Kisha akapata njia nyengine, akanyoosha mgongo, akatabasamu.

"Unajua, Borafya, nilikuandika vile kwa makusudi. Nilijua wanatafuta mtu. Nikasema, huyu mzee wangu astahiki."

"Barua yako nimeiona, bwana. Walinipa niisome." Borafya alikuwa anakitazama kidole cha Mkadam, kilichokuwa bado hakijashika kalamu. "Umri wangu umeupata sawasawa. Na mtaa."

"Naam, naam."

"Mke wangu siku mbili hakutia kitu mdomoni. Hapo chini, kwenye saini. Pana mstari."

Mkadam alitia saini. Borafya aliupuliza wino ukauke, akaikunja karatasi mara mbili, akashuka ngazi. Chini injini ya ile gari nyeusi iliwaka kwa mara moja tu, laini, bila ya kukohoa, ikaenda zake.

Wiki iliyofuata ndege iliondoka asubuhi. Mkadam alisema ana mkutano. Mwanakheri alikwenda uwanjani, akakaa na mke wa Borafya kwenye benchi moja mpaka ndege ilipopotea, kisha wakarudi mjini pamoja kwa miguu, wakipitia dukani kuona kama unga umefika.